Croisière ya euro 599: hesabu ya kweli kwa familia inayotoka Kivu

Mama moja wa Kadutu, hapa Bukavu, alituletea swali kwenye redio. Mtoto wake anaishi Lyon, Ufaransa, na hawajaonana miaka tisa. Sasa mtoto ameona tangazo la meli ya matembezi kwenye bahari ya Mediterania: siku nane, usiku saba, euro 599 kwa mtu mmoja. Anataka baba na mama wapande. Yeye atalipa meli, wazazi watafute ndege. Mama akatuuliza: "Mutoto ananiambia ni 599 tu. Nitoshe feza ya likelemba ao nisitoshe?"

Swali hilo si la mama huyo peke yake. Familia nyingi za Kivu ziko na mtoto, ndugu ao shemeji huko Ulaya, na matangazo ya meli hizi yanatembea sana kwenye simu. Kwa hiyo tumepanga hesabu yote hapa, hatua kwa hatua. Jibu kwa ufupi ni hili: meli yenyewe si kitu cha bei kali kuliko vyote. Bei kali iko kwenye njia ya kuifikia, na sehemu ya feza hiyo haitarudi hata kama safari inakufa.

Meli hii ni kitu gani?

Sisi wakaaji wa kando ya Ziwa Kivu tunajua bateau. Unalipa nafasi, unalala, asubuhi uko Goma ao Bukavu. Croisière ni kitu kingine. Hapa meli si njia ya kufika mahali; meli njo hoteli yenyewe. Iko na vyumba maelfu, restora, maduka, bwawa la kuogelea, sinema na daktari. Inatembea sana sana usiku, asubuhi inafunga kamba kwenye bandari, watu wanashuka kutembea, jioni wanarudi kulala mule mule.

Mzunguko unaojulikana sana wa usiku saba unapita Marseille, Genoa, Civitavecchia (bandari ya kwenda Roma), Palermo, Valletta kule Malta, Barcelona, kisha kurudi Marseille. Makampuni kama MSC na Costa yanafanya mizunguko ya namna hiyo, na mara nyingi unaweza kupandia kwenye bandari zaidi ya moja. Kwa familia iliyo Lyon, Marseille njo karibu: treni ya haraka inachukua karibu saa mbili.

Karatasi ndiyo ya kwanza

Mbele ya kuchagua chumba, mbele ya kuchagua mwezi, angalia karatasi. Mwenye pasipoti ya Kongo anahitaji visa ya Schengen. Tangu tarehe 11 Juni 2024, visa ya muda mfupi inalipiwa euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 mpaka 11. Mtoto wa chini ya miaka 6 halipi. Ofisi inayopokea maombi inaweza kuongeza malipo yake ya kazi. Wakikunyima visa, feza hiyo hairudi.

Mambo ya kukumbuka:

Pasipoti inapashwa kuwa na muda wa miezi 3 zaidi nyuma ya siku ya kutoka Schengen, iwe na kurasa mbili tupu, na isiwe imetolewa zaidi ya miaka 10 iliyopita.

Maombi yanaweza kupelekwa kuanzia miezi 6 mbele ya safari, na si chini ya siku 15. Jibu kwa kawaida ni siku 15, lakini linaweza kufika mpaka siku 45. Usicheze na tarehe.

Bima ya safari ni lazima, na inapashwa kulinda matibabu ya angalau euro 30,000.

Wazazi wanaofikia kwa mtoto Ufaransa wanahitaji attestation d'accueil, karatasi ambayo mtoto anaiomba kwenye meya ya mji wake. Anailipia euro 30, na hizo pia hazirudi.

Maombi yanaenda kwa inchi gani? Ni ile utakayokaa siku nyingi. Wazazi wakikaa Lyon juma tatu, kisha meli juma moja, inchi yao ni Ufaransa, hata kama meli inapita Italia, Uhispania na Malta. Inchi hizo nne zote ziko ndani ya Schengen.

Hapa kuna mtego ambao watu wengi hawauoni. Kama meli inatoka Schengen katikati ya safari, mfano inasimama Tunis ao kwenye bandari ya Uturuki, ukirudi Barcelona unahesabiwa kama mtu anayeingia upya. Visa ya kuingia mara moja haitoshi hapo. Inahitajika ya kuingia mara nyingi. Tena, inchi hiyo ingine inaweza kuwa na sheria yake ya visa. Soma orodha ya bandari moja moja mbele ya kulipa. Kama unaogopa usumbufu, chagua mzunguko unaobaki ndani ya Schengen mwanzo mpaka mwisho.

Jambo lingine: Mkongomani anahitaji visa hata kwa kubadilisha ndege tu ndani ya uwanja wa Schengen. Mwenye visa ya Schengen tayari hana tatizo hilo. Lakini asiyekuwa nayo asinunue tiketi inayopitia Paris ao Brussels akifikiri atabaki tu kwenye uwanja.

Bei ya tangazo inaficha nini?

Euro 599 karibu siku zote ni bei ya mtu mmoja, wakiwa wawili katika chumba kimoja. Mtu akilala peke yake, anaongezewa, na mara ingine analipa karibu sawa na watu wawili. Kwa upande mwingine, mtu wa tatu ao wa nne katika chumba hicho hicho analipa kidogo. Familia yenye watoto inapata faida hapo.

Ndani ya bei hiyo kuna kitanda, chakula cha restora kubwa na cha kujipakulia, na michezo mingi ya jioni. Kwa makampuni ya Mediterania, vinywaji vya mezani mara nyingi viko nje ya bei, hata chupa ya maji. Maji ya bomba la restora ya kujipakulia kwa kawaida ni ya bure. Kuna watu wanaonunua paketi ya vinywaji ya kila siku. Mbele ya kuinunua, hesabu: mtu asiyekunywa pombe, anayekunywa soda moja na kahawa moja, paketi hiyo inamkula bure.

Kisha kuna malipo ya huduma, yale ya wafanyakazi. Kwa meli za Mediterania ni karibu euro 12 kwa siku kwa mtu mzima. Kwa makampuni ya Marekani ni kama dola 16 mpaka 20. Inaandikwa yenyewe kwenye deni la chumba. Mtoto anayelipa kule Lyon aulize swali moja la wazi: "Malipo ya huduma yako ndani ao nje ya bei hii?"

Vitu vingine vinavyolipiwa mbali ni intaneti, picha, massage, restora ndogo za pembeni, na daktari. Ndiyo, daktari wa meli anatibu, lakini anaandika facture. Ukiwa na bima, unalipa kwanza, unachunga karatasi, kisha unaomba kurudishiwa.

Na simu! Meli ikiwa mbali na bandari, simu inaweza kukamata mtandao wa satelaiti ya meli. Huo hauko ndani ya bei za kawaida za Ulaya, na dakika chache zinaweza kuleta deni la kutisha. Weka simu kwenye mtindo wa ndege meli inapoondoka. Wapigie watu wa nyumbani ukiwa bandarini.

Kuchagua chumba

Kuna aina tatu kubwa. Chumba cha ndani hakina dirisha. Ni cha bei ndogo na giza lake ni kamili, asubuhi huwezi kujua kama jua limetoka. Chumba cha dirisha kinaona bahari lakini dirisha halifunguki. Chumba cha balkoni kiko na mlango na kiti cha nje, na bei yake inapanda sana.

Kwa wazazi wanaokwenda kuona miji na kukaa na mtoto wao, chumba cha ndani kinatosha, maana watalala tu humo. Kwa mtu anayeogopa kufungiwa, ao mgonjwa atakayebaki chumbani siku nyingi, afazali dirisha.

Mahali pa chumba pia ni jambo. Katikati ya meli na kwenye gorofa za chini, mawimbi yanasikika kidogo. Mbele kabisa na juu kabisa, meli inacheza zaidi. Angalia vilevile kama juu ya chumba chako kuna ngoma ya usiku ao restora. Bei ndogo kuliko zote ni ile ambapo kampuni inakuchagulia chumba yenyewe. Unaokoa feza, lakini huwezi kulalamika juu ya mahali.

Mwenye shida ya kutembea aseme mapema sana. Vyumba vya milango mipana ya kiti cha magurudumu ni vichache na vinaisha upesi.

Mwezi gani?

Julai na Agosti watoto wa Ulaya wako likizoni, bei inapanda na bandari zinajaa. Novemba mpaka Machi bei inashuka, lakini kuna baridi, na bahari inaweza kuchafuka. Mei, Juni, mwisho wa Septemba na Oktoba ni katikati: bei ya wastani, jua bado liko. Kwa wazee wanaotoka Bukavu ambako hakuna baridi kali, miezi hiyo ni mizuri.

Hesabu ya mfano

Sasa tuhesabu safari ya baba na mama wawili. Bei za visa na attestation ni za kweli. Zile za ndege, treni na matumizi ni za mfano, weka zako mahali pake.

Meli, 599 mara mbili: euro 1,198
Malipo ya huduma, 12 kwa siku 7 kwa watu 2: euro 168
Vinywaji, 10 kwa siku 7 kwa watu 2: euro 140
Matembezi moja ya Roma kwa watu 2: euro 120
Treni Lyon–Marseille kwenda na kurudi, watu 2: euro 100
Ndege kwenda Ulaya na kurudi, 1,000 mara mbili: euro 2,000
Visa, 90 mara mbili: euro 180
Attestation d'accueil: euro 30
Bima, 60 mara mbili: euro 120
Safari ya kupeleka maombi na kutia vidole, mara nyingi ni Kinshasa, 500 mara mbili: euro 1,000
Akiba ya dharura: euro 200

Jumla: euro 5,256.

Tazama vizuri. Tiketi ya meli, ile 1,198, haifiki hata robo ya jumla. Ukijumlisha mistari mitano ya kwanza, yaani kila kitu cha meli, unapata 1,726. Zile 3,530 zinazobaki ni feza ya kumfikia tu mtoto Lyon, meli iwepo ao isiwepo.

Sasa tafuta feza ya hatari, ile isiyorudi kama visa inakataliwa: visa 180, attestation 30, safari ya Kinshasa 1,000. Ni 1,210. Ni karibu sawa na tiketi mbili za meli! Hiyo njo feza ambayo mama wa Kadutu anapashwa kuiweka mezani na mume wake, wajiulize: "Tukiipoteza hii, tutakula nini mwezi huo?" Kama jibu linaumiza, likelemba isiguswe bado.

Nani alipe nini, na lini?

Mpango mzuri ni huu. Kwanza pasipoti. Pili mtoto achukue attestation na achague meli ambayo inaweza kufutwa ao inayoomba avansi ndogo. Tatu visa. Nne, visa ikiisha kupatikana, ndege na sehemu ya meli iliyobaki. Ubalozi unaomba kuona mpango wa safari, si lazima tiketi ya ndege iliyolipwa kabisa.

Soma masharti ya kufuta. Karibu kila kampuni inakata feza nyingi zaidi kadiri siku ya kuondoka inavyokaribia, na siku za mwisho inaweza kuchukua yote. Bima nyingi za kufuta safari hazilindi mtu aliyenyimwa visa. Ingine zinalinda kwa masharti. Tafuta mstari huo mbele ya kutia sahihi.

Kuna haki moja ambayo watu hawaijui. Croisière iliyonunuliwa katika Umoja wa Ulaya inahesabiwa kama safari ya pamoja, na sheria ya Ulaya ya mwaka 2015 inailinda. Mnunuzi anaweza kuhamisha nafasi kwa mtu mwingine akitoa taarifa mapema, angalau siku 7 mbele ya kuondoka. Atalipa gharama za kubadilisha jina tu. Kwa hiyo visa ya baba ikikataliwa, dada anayeishi Lyon anaweza kuingia mahali pake. Tena, kampuni ikipandisha bei kupita asilimia 8, mnunuzi ana haki ya kuacha bila kulipa faini. Njo maana ni vizuri mtoto anunue kule Ulaya, kwa jina lake, kwa kampuni ao ajansi yenye anwani.

Usimtumie feza mtu wa kwenye simu anayesema ana "nafasi za bure" ao "visa ndani ya paketi". Hakuna kampuni ya meli inayotoa visa. Ukipewa namba ya oda, mtoto aiingize mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni. Isipoonekana, hakuna tiketi.

Ndani ya meli

Siku ya kwanza utapewa kadi. Inafungua mlango, inalipa vinywaji, inakutambulisha unaposhuka na kurudi. Kwa sababu hautoi feza mkononi, ni rahisi kusahau. Kila siku mbili angalia deni lako, na usiku wa mwisho soma facture mstari kwa mstari mbele ya kushuka.

Matembezi ya bandarini unaweza kununua kwa meli ao kujipangia. Palermo unashuka na uko karibu na mji kwa miguu. Civitavecchia ni tofauti: Roma iko mbali, treni inachukua karibu saa moja na zaidi. Ukijipangia na ukachelewa, meli inaondoka, na wewe utatafuta njia ya bandari inayofuata kwa feza yako. Ukiwa kwenye matembezi ya meli yenyewe, watakungoja ao watakufikisha. Kwa wazee wasiojua Kiitalia, lipa matembezi ya meli kwa Roma, na bandari zingine mtembee wenyewe.

Zoezi la usalama si mchezo. Tarehe 13 Januari 2012 meli Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, watu 32 wakafa. Abiria waliopanda jioni ile Civitavecchia walikuwa bado hawajafanya zoezi. Nyuma ya hapo sheria ya kimataifa ilikazwa: zoezi linafanywa mbele ya kuondoka ao mara tu meli inapoondoka. Sisi tunaojua ajali za Ziwa Kivu hatuhitaji kuelezwa sababu. Jua gilet yako iko wapi na mkutano wako uko gorofa gani.

Dawa za presha ao sukari zibaki kwenye mfuko wa mkononi, ndani ya sanduku zake, pamoja na karatasi ya daktari. Mama mjamzito aliyefika juma la 24 hakubaliwi kwa makampuni makubwa, na mtoto mchanga kwa kawaida awe amefika miezi 6. Chukua kadi ya njano ya chanjo, kwa ajili ya kutoka na kurudi Kongo.

Jibu kwa mama wa Kadutu

Mama, kama hamu yako ni kumwona mtoto, panga kwanza safari ya Lyon. Meli ni kitu cha kuongeza juu, na inaweza kungoja mpaka visa iwe mkononi. Mwambie mtoto asilipe ile 599 yote leo kwa sababu tangazo linasema "nafasi za mwisho". Ofa za namna hiyo zinarudi. Kuna pia meli za usiku tatu ao nne, ambazo zinapunguza gharama na bado mnaona bahari pamoja.

Na kama hesabu haikubali mwaka huu, kuna njia ingine ambayo watoto wengi wa Ulaya hawaifikirii: tiketi moja ya mtoto kuja nyumbani ni nusu ya tiketi mbili za wazazi kwenda. Mumwambie hivyo bila haya. Likelemba yako itabaki salama, na yeye atakula bugali na samaki ya Kivu mezani kwako.

Uko na swali lingine la safari, karatasi ao bei? Pita kwenye redio ao utuandikie. Tutahesabu pamoja.